Mabamba ya Shaba Katika Ghala la Parokia



Wiki hii nina jambo la kuungama. Mwaka wangu wa kwanza wa uparoko niliagiza ghala letu lisafishwe. Chini ya benchi mbovu palikuwa na kasha la mabamba ya shaba na zinki, yaliyotumika zamani kuchapia picha za Njia ya Msalaba. Mimi niliona uchafu tu. Mengi yaliuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na fedha ile ikanunua bati chache za jikoni. Yalisalia manne, kwa kuwa katekista wetu mzee aliyaficha.

Nami nilisoma historia ya Kanisa seminarini! Mwaka 1738 Papa Klementi XII alinunua mabamba ya wachapaji De Rossi wa Roma ili yasitawanyike nje. Hazina hiyo ingali Roma, na leo inatunzwa pamoja na mabamba ya Piranesi, aliyefariki mwaka 1778.

Kosa la pili lilikuwa la upendo, na ndilo linaloniuma zaidi. Nilimruhusu kijana wa altare asugue bamba moja kwa limau na mchanga, kama mama zetu wasuguavyo masufuria. Liling'aa kweli. Lakini picha hukaa katika mikwaruzo myembamba kuliko unywele, ambayo hata mashine ya kuchapia huichakaza kidogo kidogo. Shavu la Simoni wa Kirene likabaki jeupe, bila kivuli.

Sasa tunayashika kwa glavu za pamba, maana jasho la vidole huila shaba. Magazeti yaliyoyafunga tumeyatupa, kwani karatasi ile ina asidi. Tumetumia karatasi isiyo na asidi. Zinki tumeitenga na shaba, kwa sababu zikigusana penye unyevu zinki huliwa. Yamesimama wima ndani ya kabati la chuma, hakuna linalolilalia jingine.

Jumapili iliyopita katekista aliomba ufunguo. Akalitazama bamba lile kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini Bwana ameubeba msalaba upande usio wake. Nikamweleza kwamba bamba huchongwa kinyume, karatasi ndiyo huuweka sawa. Akatikisa kichwa. "Baba Paroko," akasema, "yale mengine uliyauza shilingi ngapi?"