Mshubiri na Jirani Yetu

Sisi tuliolelewa Pwani tuliijua shubiri kwa ulimi kabla ya kuujua mmea wake. Mama alipotaka kumwachisha mwana ziwa, aliipaka kwenye chuchu, na mtoto akishaonja hakurudi tena kwa hamu. Jina hilo latokana na Kiarabu, na hilo la subira pia. Wajuzi wa lugha husema ni maneno ya shina moja. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba aliyehirimia na macho yakamuuma aruhusiwa kuyatibu kwa shubiri.

Mshubiri uliozoeleka majumbani, wenye maua ya manjano, asili yake ni Bara Arabu. Lakini nchi yetu ina mishubiri yake. Mmoja wataalamu wameuita kwa jina la Rabai na mwingine kwa jina la Kilifi. Nyikani zaidi, kuanzia Taita hadi Baringo, uko ule ambao maua yake mekundu yaliyopauka huelekea upande mmoja wa kitawi, kama safu ya maamuma. Kiangazi kikikaza majani yake hugeuka rangi ya kutu, na mtu hudhani umekufa. Ikinyesha mvua hurudi kijani.

Kiangazi kilichopita alifika mnunuzi akitaka mishubiri ya porini, iliyong'olewa na mizizi yake, akilipa kwa gunia. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye mayatima wanne, alishika jembe. Nasi tungemwambia nini? Sheria tulikuwa tunaijua: amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku uvunaji wa mshubiri wa mwitu, na kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu biashara ya uliopandwa, kwa leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Lakini sheria haipikwi chunguni. Tulichangishana unga na karo ya mwezi mmoja, kisha tukakaa naye barazani tukazungumza.

Hoja iliyomgeuza haikuwa ya serikali. Mshubiri wa nyumbani huzaa machipukizi ubavuni. Ukiung'oa mmoja wabaki watano. Huu wa nyikani mara nyingi husimama peke yake. Aung'oaye ameumaliza, na mwakani hana cha kuuza.

Basi tukaanza na mbegu, kutoka mishubiri iliyokuwa ndani ya shamba lake mwenyewe. Mshubiri mmoja ukichanua peke yake kwa kawaida hauzai mbegu. Wataka mwenzake, na ndege aina ya chozi wa kubeba chavua kati yao. Vitumba vikianza kukauka tulivifunga kwa vitambaa vya leso kuukuu, kwani vikipasuka mbegu zenye vijibawa hupeperuka na upepo. Tulichanganya mchanga mwingi na mboji kidogo katika mabeseni yaliyotobolewa chini, tukazifunika mbegu kwa mchanga mwembamba na kuyaweka kivulini. Maji ni ya kunyunyiza, si ya kumwaga. Kinachoua mche wa mshubiri upesi kuliko ukame ni mkono wenye huruma nyingi, na hapa sote tulilazimika kuzuiana.

Kwa dada zetu, neno moja kuhusu kunywa. Jani lina vitu viwili: ute mweupe wa ndani, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda. Huo utomvu ukikaushwa ndio shubiri yenyewe, na ni haluli kali. Mja mzito asiunywe, wala anyonyeshaye, hata akishauriwa na mkunga anayemwamini. Hata ile desturi ya kuwapaka watoto hatuipendekezi tena, ndimu yatosha.

Mnunuzi alirudi baada ya Idi. Jirani yetu alimwonyesha mabeseni, akamwambia arudi baada ya miaka mitatu na aje na leseni. Alicheka akaondoka, na gunia alilipata kwingine, hilo twalijua. Wiki hii miche mikubwa ina majani manne manne, na maombi ya leseni bado hayajajibiwa. Unga tunaendelea kuchangishana kila Ijumaa.