Tuma, Pesa, Haraka

Ukiipita Maungu usiku kwa basi, utaona malori tu, yamepangwa kando ya barabara ya Nairobi–Mombasa, madereva wakinywa chai. Mimi nimekulia hapo. Bado naishi hapo, kwa mamangu, na kazi zangu za kompyuta nazifanyia Voi.

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutengeneza lango moja la barua pepe kwa wateja watatu: shule ya bweni, kampuni ya spea za malori, na kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu. Rekodi za MX za domeni zote tatu zingeelekezwa kwa mashine yangu. Postfix ingepokea barua, kichujio kingeipima, kisha ile safi ingepelekwa kwa seva ya mwenyewe.

Nilichoogopa ni kuacha mlango wazi. Jon Postel alipoandika itifaki ya SMTP mwaka 1982, intaneti ilikuwa ya watu wachache walioaminiana. Leo seva inayompitishia kila mtu barua hutumiwa na matapeli usiku kucha, na asubuhi iko kwenye orodha nyeusi. Kwa hivyo kwenye relay_domains niliandika majina matatu, basi. Nikaongeza orodha ya wapokeaji, ili barua ya mtu asiyekuwepo ikataliwe mlangoni.

Hapo nilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye kichujio.

Ile kampuni ilikuwa imeliwa pesa na mtu aliyejifanya muuzaji. Bosi akaniambia, "Kijana, takataka kama hiyo sitaki kuiona tena." Nikaandika kanuni: barua kutoka anwani ya bure, yenye "tuma", "pesa" na "haraka", iende karantini. Nikaiweka kwa domeni zote tatu kwa sababu ilikuwa saa saba usiku na nilitaka kulala.

Wiki tatu baadaye jirani yetu akanisimamisha dukani. Mwanawe alikuwa nyumbani, amerudishwa kwa sababu ya karo.

"Nilimwandikia mwalimu mkuu pale saiba, nikaomba muda. Hata kunijibu hakunijibu."

Usiku huo nikafungua karantini. Barua yake ilikuwepo: mtoto asifukuzwe haraka, pesa angetuma mwisho wa mwezi. Chini yake kulikuwa na nyingine kumi na moja, zote za wazazi. Utapeli, hakuna hata mmoja. Nikaziachilia zote.

Asubuhi nikaenda kwake. "Mama, barua yako niliizuia mimi."

Alininyamazia kidogo. "Kwani niliandika vibaya?"

Alikuwa amemlipa kijana wa saiba amchapie. Nikamwambia hakukosea popote, ila nilijiona nikitafuta maneno.

Sasa kila domeni ina kanuni zake. Kampuni imebaki na zile kali. Barua ya shule inayotiliwa shaka haizuiwi tena. Inawekewa alama kwenye kichwa chake, na katibu anaamua mwenyewe. SPF na DKIM zinaniambia kama kweli imetoka kule inakosema imetoka, kabla sijahesabu maneno. Na karantini naipitia kila asubuhi, hata Jumapili.

Mtoto alirudi shule Jumatatu iliyofuata. Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa umeshafanywa.