Honimuni ya Watu Watatu

Tangu mwanetu azaliwe, mimi na mume wangu tulikuwa hatuna mazungumzo zaidi ya pampasi na uji. Mtoto alishatimiza miezi saba, na siku zote hizo sikuwahi kumwachia baba yake hata dakika kumi. Nikasema, twende zetu Zanzibar, labda bahari itatusaidia.

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Mama mkwe alishtuka: “Mtoto mchanga baharini, tena kipindi cha kusi?” Mimi huyo, nikafungasha nusu ya nyumba: pampasi, kofia, kanga tatu, nguo za kubadilisha.

Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi! Tulipoiacha tu bandari, mawimbi ya Julai yakaanza. Nilitapika mpaka nikakosa nguvu za kumshika mwanangu. Yeye anacheka tu. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa safarini. Mume wangu akamchukua, akambadilisha palepale kwenye kiti boti ikiyumba, akamlaza kifuani. Hakuniuliza hata swali moja.

Usiku tulikaa Forodhani tukila mishikaki, mtoto kalala begani kwa baba yake. Tukapiga stori kama zamani.

Shoga, ukienda na mwanao, epuka Juni hadi Agosti, na kaeni katikati ya boti, sehemu ya chini. Halafu mkabidhi baba mtoto mapema. Usisubiri mpaka utapike.