Jina la Babu wa Guangzhou

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Lamu, Unguja, Maskati na kwingineko, baadhi yenu mmeuliza: kwa nini tuchangishane fedha za kuihamishia nasaba yetu kwenye seva mpya, ilhali ya zamani ingali yafanya kazi? Nitajibu kwa jina la mtu mmoja.

Binamu yangu ni mfanyabiashara wa nguo mjini Guangzhou, katika Barabara ya Zhanqian, yaani “mbele ya stesheni”. Ameoa huko, na wanawe wawili ni damu yetu. Aliniletea majina ya wazee wa mkewe, nami nikayaingiza. Jina la babu mmoja huandikwa kwa herufi adimu ya Kichina. Kanzidata ilipoifikia, ilikata maandishi hapo hapo: jina likatoweka, pamoja na maelezo yote yaliyofuata. Majina yetu ya herufi za Kiarabu yalisalimika.

Tofauti hiyo ina sababu. Herufi ya Kiarabu kwa kawaida huchukua baiti mbili, nyingi za Kichina tatu, na zile adimu nne. Katika MySQL, mpangilio wa zamani uitwao utf8 huishia baiti tatu. Ule wa baiti nne, utf8mb4, ulikuja na toleo la 5.5, lililokamilika mwaka 2010. Seva yetu ni ya kabla ya hapo.

Watunzi wa programu huria huujua mtihani huu. WordPress ilianza kuutumia utf8mb4 mwaka 2015, pale tu kanzidata iliporuhusu. Haikulifanya toleo la 5.5.5 kuwa sharti hadi mwaka 2024. Subira hiyo ilikuwa na huruma, kwani wengi hukodi seva rahisi wasizoweza kuziboresha wenyewe. Lakini ina gharama: kila toleo la kale linaloendelea kukubaliwa ni jaribio jingine kwa wanaojitolea, na ahadi ya programu haiwezi kupita uwezo wa kanzidata iliyo dhaifu kuliko zote.

Kwa hiyo sharti la toleo la chini silioni kuwa mlango uliofungwa. Mlango wa zamani uliwapokea wote, kisha ukawakata wengine majina. Haki ya anayeachwa nyuma ni kuarifiwa mapema na kupewa nakala kamili ya alichonacho.

Neno kanzi asili yake ni Kiarabu, nalo ni hazina. Wazee wetu waliovuka bahari waliandikwa na makarani wa bandari kwa namna makarani walivyoweza, na hadi leo twabishana jina lipi lilikuwa lao. Watoto wa Zhanqian wasiachiwe ubishi huo. Nakala ya zamani nitaitunza; michango naipokea hadi mwisho wa mwezi.