Tumwiteje Mungu Baada ya Kutoka?

Wapo watu wanaoiacha dini iliyowalea lakini hawamwachi Mungu. Katika jamii yetu watu hawa hawana jina. Sensa haiwahesabu, kwa kuwa tangu ile ya mwaka 1967 dola yetu haijawauliza tena wananchi swali la dini. Katiba inawatambua kwa mbali: ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa mtu kubadili dini au imani yake. Hata hivyo, Katiba inamlinda mtu anapotoka. Haimwambii atamke nini usiku, akiwa peke yake, anapotaka kuomba. Nataka kuuzungumzia usiku huo, kwa sababu ninaujua.

Nimelelewa Ifakara, katika dhehebu dogo lenye masharti mengi. Sitalitaja, maana sikusudii kulishitaki. Tulikatazwa ngoma, tulikatazwa dawa za miti shamba, tulikatazwa hata kula chakula cha matanga kwa jirani wa imani nyingine. Sala nayo ilikuwa na utaratibu usiovunjwa: kwanza sifa, kisha toba, kisha haja, mwisho shukrani. Mungu aliitwa kwa vyeo vyake vyote kabla hajaelezwa shida. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuandikia ofisi za umma, niliutambua muundo ule mara moja. Ulikuwa muundo wa barua ya mwombaji: anuani, cheo cha anayeandikiwa, "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba faili lake linaweza kupotea.

Nilitoka nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, bila ugomvi na mtu. Nilidhani nimeacha masharti peke yake. Kumbe maneno yalibaki kule pamoja nayo. Nilipotaka kusema "Bwana", nilisikia sauti ya mhubiri. Nilipotaka kusema "Baba", nilisikia hukumu iliyofuata baada ya neno hilo kila Jumapili. Neno "Bwana" lenyewe limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili: ni mume, ni tajiri wa kazi, ni mkoloni, ni Mungu. Mtu aliyeonewa na mabwana watatu wa kwanza anahitaji moyo mkuu kumwamini wa nne.

Nimezungumza na wengi waliopita njia hii, wakiwamo wanafunzi wangu. Binti mmoja aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu yenye ukali mwingi aliniambia kwamba siku hizi hutumia neno moja tu, "Mola", kwa sababu ndilo alilokuwa akilisikia kwa bibi yake jikoni, si kwa wale waliomchapa madrasa. Mwingine, mtoto wa mchungaji, husema "Mungu wa bibi yangu". Wa tatu hamwiti kwa jina lolote. Huanza tu kusema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatizwa. Nimeona kwamba wengi wetu hatutungi jina jipya. Tunarudi nyuma ya mhubiri, tunamtafuta mtu aliyetaja jina hilo kwa upendo, na tunaliazima kwake.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Lugha yetu ina adabu kali. Mkubwa haitwi "wewe" kwa jeuri. Huitwa baba, mama, mzee, shehe, mheshimiwa. Anaamkiwa kwa "shikamoo", salamu ambayo asili yake ni kushika miguu. Lakini tazama sala za Waswahili, Wakristo kwa Waislamu: Mungu haamkiwi shikamoo, naye huitwa "Wewe" bila mtu yeyote kushtuka. Neno ambalo lingemletea kijana kibao akimwambia mjomba wake ndilo tunalomwelekezea Mwenyezi. Ndani ya lugha ya sala, hata iliyo kali, umebaki mlango ambao wakali walisahau kuufunga.

Tena, hakuna namna ya kumwita Mungu iliyoshuka kwetu ikiwa imekamilika. Hadi miaka ya 1960 wazee wetu Wakatoliki wa bonde la Kilombero walisikia Misa kwa Kilatini, huku rozari zao wakizisali kwa lugha walizozielewa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ndio uliofungua njia ya Kiswahili altareni. Waislamu wana salaa kwa Kiarabu, na dua ambayo mtu anaweza kuileta kwa lugha ya mama yake. Nchini Uganda, Okot p'Bitek alisimulia jinsi wamisionari walivyowabana wazee wa Kiacholi kwa swali la nani aliyewafinyanga, nao wazee wakajibu kwa kumtaja Rubanga, jini aliyeaminika kuwakunja watu migongo. Jina hilo likawa jina la Mungu wa Kikristo. Majina matakatifu yana historia, na historia hiyo imeandikwa na mikono ya watu.

Bonde letu linalijua jambo hili kwa machungu. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji, Wapogoro na Wambunga wakiwa miongoni mwao, walilivamia boma la Wajerumani pale Mahenge. Walikuwa wameshika imani yenye miiko mikali: kutogusana na wanawake wakati wa vita, kutopora mali. Bunduki za rashasha ziliwaangusha kwa mamia, na baada ya vita ikaja njaa. Misheni zikapanuka katika nchi iliyofiwa: Wabenediktini kwanza, na baadaye Wakapuchini kutoka Uswisi, pamoja na shule na zahanati zao. Wajukuu wa wale waliopakwa maji walibatizwa, wakajifunza kumwita Mungu Baba, na wengi hawakuacha kuwataja babu zao makaburini. Wahubiri waliita jambo hilo unafiki. Mimi ninaliona kuwa ni kazi ya watu waliokwisha kuvunjikiwa na lugha moja ya sala, wakaapa kutoweka tena roho zao zote ndani ya chungu kimoja.

Kabla ya daraja la Kilombero kujengwa, tulivuka kwa kivuko kwenda upande wa Ulanga. Wakati wa masika, mto ukiwa umejaa, nilisikia kwenye kivuko kile majina yote: Yesu, Mama Maria, Mwenyezi Mungu, ya Rabi. Mzee mmoja aliwataja babu zake mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kawaida, kama anayewaita watu waliokaa ndani. Hakuna aliyemkemea mwenzake. Kila mmoja aliogopa maji yaleyale. Dhehebu langu lilinifundisha kwamba sala moja tu ndiyo iliyotuvusha. Nilikuwa mtoto, lakini hesabu hiyo ilinishinda hata wakati ule.

Miaka michache iliyopita mama yangu alilazwa. Yeye hakutoka, angali muumini wa dhehebu lile, na kwa muda mrefu kutoka kwangu kulikuwa jambo tusilolizungumza. Usiku wa pili aliniambia, "Baba, niombee." Alikuwa akiniita hivyo tangu utotoni, kwa jina la baba yake mzazi. Nilijua utaratibu wote wa sala aliyoitarajia. Ningeweza kuitamka nikiwa usingizini. Lakini kuitamka bila kuiamini, mbele ya mtu anayeumwa, kungekuwa kumdanganya yeye na Mungu kwa pamoja. Nilimshika mkono nikasema, "Mungu, huyu ni mama yangu. Wewe unamjua kuliko mimi. Usimwache." Sikuongeza cheo wala sifa. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Amina." Baadaye akauliza, "Ndivyo unavyoomba siku hizi?" Nikamjibu kuwa ndivyo. Akasema, "Ni fupi. Lakini nimesikia."

Sijapata tafsiri bora ya uhuru wa imani kuliko maneno hayo. Mama hakubadili msimamo wake, nami sikubadili wangu. Alikubali tu kwamba maneno yangu yamefika.

Ninaandika haya kwa sababu jambo hili si la chumbani peke yake. Katika madhehebu mengi tunasikia kauli kwamba asiyeshiriki asitegemee kuzikwa na wenzake, na familia maskini hubaki zikimbembeleza kiongozi huku maiti ikisubiri. Katika mikutano ya hadhara huitwa shehe, akaitwa padri au mchungaji, na baada ya hapo inahesabika kwamba wote tumeombewa. Ni desturi njema; imelisaidia taifa hili kukaa pamoja. Lakini watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaweza kuiongezea dakika moja ya kimya, ili kila mtu aseme na Mungu wake, au asiseme. Haigharimu fungu lolote la bajeti.

Na kwenu vijana mliotoka au mnaofikiria kutoka: msidhani kwamba aliyewanyima lugha amewanyima na Msikilizaji. Anzeni na neno mlilolisikia kwa mtu aliyewapenda. Kama halipo, anzeni na "Wewe". Kiswahili kinaruhusu.