Mguu Wangu na Kaptula za Pune

Mwanangu, Pune niliyoikuta mwaka 1983 ilikuwa mji wa baiskeli na wanafunzi, na Waafrika tulikuwa wengi: Wakenya, Wasudani, Wamauritius na sisi Watanzania wachache tuliopata ufadhili wa serikali ya India. Asubuhi barabara ya Fergusson College ilinuka moshi wa mkaa, tangawizi na mikate laini ya siagi kutoka mikahawa ya Wairani, ambako chai ilikuwa nusu rupia na ungeweza kuinywa taratibu hadi kipindi cha kwanza. Nilikuwa nasomea biashara. Sanduku langu lilijaa suruali ndefu zilizoshonwa Tanga, pana kuanzia pajani hadi kifundoni, kwa kuwa polio ilikuwa imenipitia utotoni ikauacha mguu wa kushoto mwembamba na mfupi kidogo. Shuleni niliitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Baba yangu, karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, hakuwahi kuutaja mguu ule, nami nikajifunza kutokuutaja.

Kiuno ndicho kilichonipeleka kwa Bai. Kutembea kwa kuegemea upande mmoja kulikuwa kumenichosha mgongo, na mama mwenye nyumba, aliyeona ninavyoshuka ngazi kwa kushika ukuta, akanipeleka mwenyewe kwenye ukumbi wa shule jirani, ambako Bai alifundisha yoga. Bai ndivyo Wamarathi wanavyowaita walimu wa kike. Alikuwa mfupi, mwenye umri uliozidi hamsini, nywele zake zinang'aa mafuta ya nazi na zimefungwa shada la yasmini, na macho yake yalikuwa yakikutazama magoti kabla ya uso. Ada ilikuwa rupia 15 kwa mwezi. Aliponiona na suruali yangu pana alinipa kaptula nyeusi yenye mpira kiunoni na mapajani, ile wanayovaa wanafunzi wa yoga wa Pune, akaniambia kwamba goti asiloliona hawezi kulifundisha.

Nilikaa chooni muda mrefu na kaptula mkononi. Nilipotoka hakugeuka mtu. Karani mstaafu wa reli alikuwa akining'inia kwenye kamba za ukutani, mama mwenye kibiongo amelazwa juu ya benchi la mbao lililopinda, kijana mmoja anahangaika na bega lake. Harufu ilikuwa ya mablanketi ya sufu yaliyoloa unyevu na vijiti vya udi. Darasa lilianza kwa maneno yao ya kumtukuza Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga. Mimi Muislamu nilikaa kimya, Bai akaliheshimu hilo, wala halikuwahi kuleta neno baina yetu. Nakuambia kwa sababu najua utaulizwa.

Bai aliweka tofali la mbao chini ya unyayo wangu, akafunga mkanda juu ya goti, akakiegemeza kisigino ukutani, akasema nisimame. Miezi ikapita kwa kazi hiyo hiyo. Mguu mwembamba ulitetemeka, hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba mguu wa kulia, niliokuwa nikiuringia, ulikuwa umekakamaa kama gogo kwa kubeba mzigo wa wote wawili tangu utotoni. Bai aliufanyia kazi ule mzima kwa ukali uleule, na hapo ndipo nilipoacha kuigawa miguu yangu kuwa mbaya na mzuri.

Mguu haukunenepa, mwanangu, wala haukurefuka. Maumivu ya kiuno yalipungua, ngazi nikazipanda bila ukuta. Mwezi mmoja wa Mei, embe zimejaa soko la Mandai, nilikwenda huko na kaptula ya kawaida. Bibi mwuza embe akaniuliza mguu una nini. Nikamjibu kwa Kihindi changu cha kuokoteza kwamba ni polio, tukaendelea kubishania bei ya dazani. Nilipofika Pune, swali lile lingenifukuza sokoni.

Mwalimu wa Bai alikuwa B.K.S. Iyengar, na mwaka 1985 Bai alitupeleka kumwona kwenye taasisi yake, iliyofunguliwa 1975 na kupewa jina la marehemu mkewe, Ramamani. Alikuwa na miaka 66, nyusi nene, kifua kipana, amejikunja nyuma juu ya kiti cha chuma. Alizaliwa mwaka 1918 wakati wa ile homa kuu ya mafua, akakua na malaria, taifodi na kifua kikuu, na shemeji yake Krishnamacharya ndiye aliyemfundisha kule Mysore. Dunia ilimjua baada ya kukutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952. Mimi nilichokitazama ni vile vifaa, matofali, mikanda na viti. Mtu aliyewahi kuwa na mwili dhaifu alikuwa amekaa akawatafutia wadhaifu mahali pa kuegemea, na kwa hilo namheshimu kuliko kwa mikao yake ya kustaajabisha.

Nilirudi Tanga mwaka 1986. Mzee Mwinyi alikuwa ameshaingia Ikulu, maduka yanaanza kupata bidhaa, mitumba inashuka. Nikaanzisha darasa langu mwenyewe. Kamba za ukutani tulizisokota kwa mkonge, matofali aliyachonga seremala wa Ngamiani kwa vipande vya mninga, mikanda ikawa kanga kuukuu. Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa makuli wa bandarini wenye migongo iliyoharibiwa na magunia. Nilisimama mbele yao na kaptula. Kuna mikao nisiyoiweza hata leo, na kufundisha kulinilazimu kuwaambia hivyo waziwazi, kisha kumwita mmoja wao aionyeshe. Kuli mmoja mwenye kifua kikubwa, aliyekuwa akificha mkono usioinuka, alinitazama mguu kwa kitambo, akavua shati.

Iyengar alifariki Agosti 2014, na mwaka uliofuata dunia ikaanza kuadhimisha yoga kila tarehe 21 Juni. Sisi bado tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Ukija Tanga, njoo. Hatutozi ada. Lete blanketi zito, na kama unatumia dawa za presha niambie kabla hatujaanza, maana mikao ya kichwa chini sitakupa.