Majabali ya Ukambani: Lipi Lamfaa Nani?

Wahenga walisema, Mpanda ngazi hushuka. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwaonya wenye vyeo, lakini leo naitaka kwa maana yake ya kwanza. Apandaye hana budi kushuka, na katika majabali kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mpandaji huitazama njia iliyo mbele ya uso wake, bali mshukaji huitafuta kwa unyayo njia asiyoiona. Wengi walioumia majabalini hawakuumia walipokuwa wakienda juu, ila walipokuwa wakirudi, wamechoka na jua limekuwa kali.

Sisi tukaao Kalamba na sehemu za Nzaui, katika Makueni, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jabali la kupanda. Nchi yetu imejaa majabali kama shamba lililojaa visiki. Siku za sikukuu vijana huondoka nyumbani makundi makundi, wana nguvu nyingi na maji kidogo, nao hulichagua jabali kwa sababu ni refu au kwa sababu li karibu. Sababu hizo mbili hazitoshi. Kanuni iliyo njema ni hii: jabali lichaguliwe kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika kundi, wala si kwa kumtazama aliye hodari. Hodari hapungukiwi na kitu akipanda jabali jepesi, bali dhaifu aweza kupoteza maisha yake katika jabali gumu, na pengine akampoteza na mwenziwe.

Kwanza yafaa kulijua jiwe lenyewe. Wenye elimu ya ardhi hutuambia kwamba mawe ya Ukambani yalipikwa na kukandamizwa chini kabisa ya nchi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye mvua na upepo viliuchukua udongo uliokuwa juu yake, hata yakabaki yamesimama peke yake katika nyika. Kwa kuondokewa na uzito ule, na kwa kupata joto la mchana na baridi ya usiku, ngozi ya jiwe huachana na mwili wake kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo mpandaji mwenye akili huligonga jiwe kwa kiganja kabla ya kulitegemea. Likiwa kimya, ni zima. Likilia kama ngoma, ndani pana uwazi, naye aliache.

Jabali la kwanza, lifaalo kila mtu, ni Nzambani katika Kitui. Mtu atokaye kwetu aweza kushuka mpaka Kibwezi, akashika barabara ya Ikutha na Mutomo hata mji wa Kitui, kisha akafuata njia ya Chuluni. Ataliona jabali limesimama pekee kama nyumba ya jitu. Ngazi za chuma zimejengwa ubavuni mwake, hata wanafunzi wa shule na wazee wenye magoti mazima hufika juu. Husimuliwa kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume. Mimi sijapata kumwona aliyegeuka, lakini pia sijamwona mtu aliyekubali kwa moyo mkunjufu kuimaliza duru ya saba. Faida ya Nzambani kwa anayeanza ni kwamba humjulisha moyo wake. Mtu akitetemeka miguu hali ameshika chuma, amekwisha kupata jibu lake bila hasara, wala si aibu.

Jabali la pili li karibu nasi zaidi, nalo ni Nzaui. Kila Mkamba amelisikia jina hilo, maana wazee walisimulia kwamba hapo ndipo Mulungu alipowatua watu wa kwanza, na nyayo zao zingali zaonekana juu ya mwamba. Lakini Nzaui una nyuso mbili. Upande mmoja una njia ya miguu ipitayo penye miti, ambayo mtu wa kawaida aipanda kwa subira, akipumzika mara kwa mara. Upande wa pili ni genge lililosimama kama ukuta. Walio chini hulitazama genge hilo, wakadhani kwa kuwa wamekua wakiliona kila asubuhi, basi wamelijua. Kuliona si kulijua. Aliyezoea kuchunga mbuzi kwenye miteremko ana miguu myepesi, lakini miguu myepesi haimsaidii mtu mahali ambapo mikono haina cha kushika. Asiyefundishwa na apande kwa njia ya miguu, akae mbali na ukingo, atazame nchi iliyo chini yake, arudi salama.

Jabali la tatu ni Lukenya, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kabla hujafika Athi River ukitokea kwetu. Hapa ndipo mahali pa kujifunza kazi ya kamba. Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, kilichoanza kusimama peke yake mwaka 1949, kimepatumia kwa miaka mingi kuwafunza wanachama wake, na njia nyingi za kupandia zimepewa majina na vyeo vya ugumu. Vyeo hivyo vilifuata utaratibu wa Waingereza, navyo vyataka tahadhari. Katika utaratibu huo njia iitwayo “ngumu” ni nyepesi kwa mtu aliyefunzwa, na iitwayo “ngumu sana” bado si ya mabingwa, maana juu yake kuna vyeo vingine vingi. Basi mgeni asijisifu kwa jina la njia, wala asiogope jina, amwulize anayeijua. Na kwa kuwa ardhi ya huko ina wenyewe, ni lazima kupata ruhusa kwanza.

Hapa nataka kusema neno juu ya kamba, maana sisi ni watu wa nchi ya mkonge. Kamba ya katani yafaa kufungia mbuzi na kuvutia maji kisimani, bali haifai kumshika mtu aangukaye. Haina mvuto, hivyo mtu akianguka kishindo chote humpata mwilini, au kamba yenyewe hukatika; tena huoza ndani hali nje yaonekana nzima. Hata wapandaji wa Ulaya walitumia kamba za namna hiyo zamani, na wengi wao wakafa. Tangu miaka ya 1940 zilianza kutumika kamba za nailoni, ambazo hunyumbuka na kupunguza kishindo. Aliye na katani tu na achague jabali lisilohitaji kamba.

Jabali la nne nalitaja ili lijulikane, si ili liendewe na kila mtu. Ni Kichwa Tembo, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ukuta wa mamia ya mita. Huo ni wa wapandaji waliokwisha kuzoea kamba kwa miaka mingi. Mbali na jiwe lenyewe, kuna wanyama wakali chini, kuna jua lisilo na kivuli, na msaada u mbali.

Iko adabu ya majabali pia, nayo ni sehemu ya kuchagua. Katika Kitui kusini, hasa upande wa Mutomo, watu wamejenga kuta kwenye miamba ili maji ya mvua yateremke na kukusanyika. Mwamba wa namna hiyo ni kisima cha kijiji. Anayepanda juu yake kwa viatu vyenye samadi, au kutupa takataka, ametia uchafu katika mitungi ya akina mama. Basi uliza kwanza: mwamba huu ni wa maji? Ukiambiwa ndiyo, tafuta mwingine. Uliza tena habari za nyuki. Sisi ni wafugaji wa nyuki tangu enzi za mababu, nasi twajua kwamba hupenda nyufa za mawe. Mtu akishambuliwa na nyuki juu ya genge hana pa kukimbilia. Pakionekana nyuki wakiingia na kutoka katika ufa, njia hiyo ni yao.

Wakati mzuri ni miezi ya kiangazi, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba na Novemba, maana ukungu wa mawe ukilowa huteleza kama sabuni. Watu waanze alfajiri, kila mmoja awe na maji yake, na kabla ya kuondoka waache nyumbani habari ya jabali waendalo na saa ya kurudi. Wasipoonekana, wenye kuwatafuta watajua pa kuanzia.

Asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya wageni tu. Wakati Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963, aliyepeleka bendera ya taifa juu ya Mlima Kenya alikuwa Mkamba, marehemu Kisoi Munyao. Hakufika huko kwa nguvu za miguu peke yake, bali kwa kuijua kamba, barafu na jiwe, na kwa kupanda pamoja na wenzi waliozoea.

Basi ndugu wasomaji, kabla kundi halijatoka, mkubwa wake na awatazame wenzake mmoja mmoja, amtafute aliye mchanga katika kazi hiyo, ajiulize, “Huyu aweza kushuka?” Akiwa na shaka, waende Nzambani. Majabali hayahami, yatamngoja mpaka ajifunze.